Mpelelezi binafsi na sheria ya Kenya: maswali tunayoulizwa kila wiki

Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili ya wale wanaopanda ngazi za ofisi yetu hapa Mombasa wakiwa na namba ya mpelelezi kwenye simu na swali moja mdomoni: "Wakili, nikimlipa huyu nitakuwa salama?" Wengine hufika wakiwa wameshalipa, bahasha ya kaki kwapani. Majibu haya ni ya Kenya. Tanzania tumeitengea swali lake. Kila kesi ina mambo yake, kwa hivyo ukishasoma bado mwone wakili.

Kwanza kabisa, kumwajiri mpelelezi binafsi ni halali?

Halali. Sheria ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi, nambari 13 ya 2016, iliwaweka wapelelezi binafsi kapu moja na kampuni za mabawabu, chini ya mamlaka moja ya usajili. Anayefanya kazi hii bila kusajiliwa anavunja sheria hata kama hajamgusa mtu. Mwombe cheti cha usajili kabla hujamsimulia shida zako. Aliye nacho hukitoa bila kununa.

Jihadhari na mwenye kadi iliyochorwa ngao ya taifa, au anayefungua koti makusudi uone pingu kiunoni. Huyo amezoea kujipitisha kama askari, na kujifanya ofisa wa umma ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wala usibabaike ukiambiwa "nilisomea London". Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka 2001 ambayo ingewapa leseni wapelelezi, na miaka zaidi ya 20 baadaye sehemu hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika. Kule mtu huamka asubuhi akajiita mpelelezi.

Ana mamlaka gani ambayo mimi sina?

Hana hata moja. Hili ndilo swali ambalo wateja wangeanza nalo, tungeokoa muda mwingi.

Hawezi kumpekua mtu. Hawezi kuingia nyumba ya mtu, kumwita mtu "aje kuandika taarifa", kuagiza benki imfungulie vitabu wala kuiomba kampuni ya simu rekodi. Kumkamata mtu anaweza pale tu ambapo wewe nawe ungeweza: vifungu vya 34 na 35 vya Sheria ya Taratibu za Jinai vinamruhusu mwananchi yeyote kumshika anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wanaweza kumkamatia bila hati ya mahakama, au anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumfungia mtu kwenye gari "mpaka aseme ukweli" hakumo humo. Huko ni kumteka.

Anachokuuzia ni muda, miguu, subira, na jicho lililozoea kuona. Kazi ambayo ingekuwa kosa ukiifanya wewe haigeuki kuwa halali kwa sababu umemlipa mwingine aifanye. Kifungu cha 20 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyeagiza, aliyeshauri au aliyesaidia kosa kuwa naye amelitenda. Wateja wengi wanadhani wakishalipa wamejiondoa. Kinyume chake, ujumbe wa M-Pesa ulioonyesha malipo ndio huja kuwa ushahidi dhidi yao.

Anaweza kumfuata mtu barabarani na kumpiga picha?

Barabarani, sokoni, ufuoni, kwenye sebule ya wageni ya hoteli, pale ambapo kila mtu anaweza kusimama, anaweza kuona kilichoko wazi na kukinukuu: gari lilifika saa 3 usiku, likaondoka saa 11 alfajiri. Hiyo ndiyo nyama ya kazi yake, na kwa kweli ndiyo sehemu inayochosha. Mpelelezi mzuri ninayemfahamu hukaa siku nzima kwenye kibanda cha mchuuzi wa kahawa akicheza bao, na daftari lake halina hata sifa moja ya mtu, saa na mahali tu.

Mipaka huanza pale uwazi unapokoma. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu: mwili wake, nyumba yake, mali yake, habari za familia yake na mawasiliano yake. Kupanda ukuta, kuchungulia dirishani, kumlaghai bawabu wa mtaa wenye geti kwa kisingizio cha fundi wa maji, kuomba ufunguo wa chumba cha hoteli, hayo yote yamevuka mstari, na sheria ya kuingilia ardhi ya mtu ipo tangu zamani. Kurusha droni juu ya ua wa jirani ni hivyo hivyo. Isitoshe, kanuni za 2020 zinataka droni isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mrushaji awe na idhini.

Na kupiga picha ni jambo moja, kuisambaza ni jingine. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi ambazo wazazi hawakuziridhia. Hizo ni picha za starehe na za masomo. Sasa fikiria picha ya mtu akitoka nyumba ya wageni, umeirusha kwenye grupu la ukoo.

Kuna jambo jingine watu hawalitarajii. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inataja kumwandama mtu kuwa aina ya ukatili. Mke mliyeachana naye akionyesha kwamba kila anakokwenda kuna pikipiki ile ile, anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi, na wa kujieleza atakuwa wewe uliyelipa mafuta ya pikipiki hiyo.

Simu ya mume wangu nimemnunulia mimi. Mpelelezi anaweza kuiingia?

Hapana. Simu ukishampa mtu ni yake, na hata kama risiti ina jina lako, mawasiliano yaliyo ndani ni yake na ya wale anaowasiliana nao. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kinasema anayevuka kinga za mfumo ili aingie, akijua hana idhini, anaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Kunasa mawasiliano yakiwa njiani, kifungu cha 17, ni hadi milioni 10 au miaka 5. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa mume na mke".

Mbinu zinazoletwa kwetu zinafanana. Ya kwanza ni kuunganisha WhatsApp ya mwenzio na kompyuta: simu yake inashikwa nusu dakika akiwa bafuni, mraba wa QR ulio kwenye kompyuta unapigwa picha kwa simu hiyo, na kuanzia hapo kila ujumbe unasomwa chumba cha pili. Ya pili ni programu ya kijasusi inayouzwa kwa jina la "kulinda watoto". Ya tatu ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini siku nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Mama mmoja, mstaarabu kabisa, alinieleza kwamba mpelelezi wake alimfundisha kumsubiri mume apate usingizi mzito, aunyanyue mkono wake taratibu, aweke kidole gumba kwenye kioo. "Lakini Wakili, kidole ni chake mwenyewe, sikuiba nambari ya siri." Mama, kidole cha mtu aliyelala hakijatoa ruhusa. Kinga ile imevukwa vile vile.

Alikuwa na skrinishoti 140. Tulizifungia kabatini, na kesi tukaijenga upya kwa mambo mengine.

Mpelelezi ananiambia atanipatia orodha ya simu alizopiga na taarifa yake ya M-Pesa. Ni kweli anaweza?

Wanaosema hivyo wako wa aina tatu. Mmoja ni tapeli: atakutumia faili aliyoitengeneza mwenyewe, na utagombana na mtu kwa namba zisizokuwepo. Wa pili ana mtu wake ndani ya kampuni ya simu au kituo cha polisi anayempa chai. Hapo mmeingia kwenye Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5. Wa tatu hupiga simu huduma kwa wateja akijifanya ndiye mwenye laini, akitaja namba ya kitambulisho uliyompa wewe.

Huyo wa tatu ana historia. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani ya Hewlett-Packard ilitaka kujua nani kwenye bodi anavujisha siri kwa waandishi. Wapelelezi waliokodiwa wakapiga simu kwenye kampuni za simu wakijifanya ndio wajumbe wa bodi na waandishi hao, wakapewa orodha za simu zao. Yalipofichuka, mwenyekiti wa bodi, Patricia Dunn, alilazimika kujiuzulu, na Januari 2007 Marekani ikapata sheria maalumu ya kuadhibu ujanja huo. Waliopiga simu walikuwa mafundi wa chini kabisa kwenye mnyororo ule, lakini jina la aliyetoa kazi ndilo lililojaa magazetini.

Kwa njia ya halali rekodi hizo hupatikana. Kuna polisi wanaochunguza kosa, wakiwa na amri ya mahakama, na kuna wewe mwenyewe kupitia kesi, wakili wako akiomba mahakama iagize zitolewe. Ni pole pole na kuna makaratasi. Mpelelezi hana njia ya mkato katikati.

Niko ughaibuni. Nataka mtu akaangalie nyumba ninayojengewa na ndugu yangu. Nitakuwa nimemvunjia sheria?

Hata kidogo. Hii ndiyo kazi ninayowashauri watu waifanye mapema, na ndiyo wanayoifanya wakiwa wamechelewa.

Mteja wetu mmoja yuko Doha. Kwa miaka mitatu alikuwa akituma pesa za nyumba huko Mtwapa, na kila mwezi mdogo wake wa tumbo moja akimtumia picha: msingi, kuta, lenta, mabati. Alipotuomba ushauri alikuwa akiona haya hata kusema. Tulimtafutia mpelelezi aliyesajiliwa, na kazi yake yote ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza alikwenda msajili wa ardhi akafanya upekuzi rasmi wa hati. Sajili ya ardhi ni kitabu cha umma, na kifungu cha 34 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinamruhusu yeyote kuomba upekuzi huo kwa ada. Hati ilikuwa sawa, kwa jina la mteja. Siku ya pili alikwenda kwenye ploti, akasimama barabarani, akazungumza na mama anayeuza mahamri pale kona.

Picha aliyoleta ilikuwa ya msingi wa mawe uliomea magugu, mbuzi wawili wamelala juu yake. Kisha akatuonyesha kitu ambacho mteja hakuwa amekiona miaka yote mitatu: katika kila picha ya mdogo wake palikuwa na mwarobaini mkubwa kushoto mwa geti. Kwenye ploti yake hapakuwa na mti. Nyumba ile ilikuwa ya mtu mwingine, mita kama mia nne kutoka pale, na mama wa mahamri alimjua mwenyewe kwa jina.

Katika yote hayo hakuna aliyedanganywa wala ukuta uliorukwa. Mpelelezi alitumia sajili ya umma, barabara ya umma, na maswali ya kistaarabu kwa mtu aliyependa kuongea.

Usiku huo mteja akapiga simu: "Sasa anipatie taarifa ya benki ya huyu kijana, nione pesa zangu zimeenda wapi." Hapo tukamkataza. Nilimwelewa, ungekuwa wewe ungetaka hivyo hivyo. Lakini taarifa ya benki ni siri kati ya benki na mwenye akaunti, na aliyekuwa mlalamishi mwenye haki zake zote angegeuka mshtakiwa kwa usiku mmoja. Mahakama huamuru taarifa hizo zitolewe kesi ikiwa imefunguliwa. Mteja alisubiri, kwa shida.

Njia nyingine zilizo wazi kwa kazi za namna hii ni sajili ya kampuni, ambako karatasi inayoitwa CR12 inakuonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Gazeti rasmi la serikali. Hukumu zinazochapishwa bure mtandaoni. Na faili za kesi mahakamani, isipokuwa zile zilizofungwa. Nairobi upekuzi wa ardhi ulianza kuhamia mtandaoni kupitia Ardhisasa mwaka 2021. Ni ajabu watu wangapi wanataka siri za mtu wakati hawajasoma yaliyobandikwa wazi juu yake.

Vipi kuhusu kuweka traka kwenye gari?

Gari ni la nani, na anayeliendesha anajua? Magari ya kampuni yako yawekee, lakini waambie madereva kwa maandishi, maana mahali alipo mtu ni data yake. Gari lako mwenyewe, hakuna shida. Gari la mkeo lililosajiliwa kwa jina lake, ukamtuma mtu alale chini yake usiku na sumaku mkononi, hapo umegusa mali ya mtu bila idhini na umeingilia faragha yake kwa mkupuo mmoja. Gari la pamoja ndilo lenye ubishi. Nasi huwashauri watu wasiwe wa kwanza kuupeleka ubishi huo mahakamani.

Kurekodi sauti kwa siri?

Tofautisha mambo mawili. Mazungumzo ambayo wewe umo, ukayarekodi kwa simu yako, si sawa na kunasa mawasiliano ya wengine. Mahakama huyapima kulingana na hali, na mara nyingine huyakubali. Kupanda kinasa sauti sebuleni kwa mtu kisha ukaondoka ni kusikiliza mazungumzo ambayo hukualikwa. Mpelelezi anayekuuliza kama una ufunguo wa nyumba ili "aweke kitu kidogo nyuma ya runinga" amekuonyesha yeye ni nani.

Mahakama itaukubali ushahidi wake?

Kuna vikwazo vitatu.

Kwanza Katiba yenyewe. Kifungu cha 50(4) kinasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki za mtu utatupwa ikiwa kuukubali kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutaudhuru utoaji haki. Si kila kilichopatikana vibaya hutupwa, hakimu hupima. Ila unakuwa umempa wakili wa upande wa pili kitu cha kuzungumzia asubuhi nzima badala ya jambo ulilolileta.

Pili ni karatasi. Picha na video za kidijitali zinahitaji hati ya uthibitisho chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, inayoeleza kumbukumbu hiyo ilitolewaje na kwa kifaa gani, ikatiwa saini na anayehusika. Nimeona video safi ikikataliwa kwa sababu mpelelezi alikuwa ameuza simu aliyorekodia na hakumbuki aliihamisha vipi. Mwambie tangu mwanzo atunze kifaa na faili ya asili.

Tatu ni yeye mwenyewe. Lazima aje kizimbani, aape, aulizwe maswali. "Ulisimama wapi? Taa ya barabarani ilikuwa inawaka? Umelipwa shilingi ngapi?" Mpelelezi asiyetaka jina lake lionekane popote hana ushahidi wa kukuuzia, ana umbea.

Tukiwa hapo, neno kuhusu talaka, maana nusu ya bahasha za kaki zinatoka huko. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014 uzinzi ni sababu ya talaka, lakini si jinai, na hauhitaji picha ya kitandani. Mahakama hutazama mazingira. Vilevile sababu ziko nyingine, ikiwemo ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Picha za mpango wa kando hazikupi nyumba. Mali ya ndoa hugawanywa kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba mchango huo lazima uthibitishwe, hakuna nusu kwa nusu ya kujiendea. Mtu anamaliza laki mbili kumfuata mume Nyali na Diani, huku risiti za saruji alizonunua mwenyewe zinaliwa na mchwa kwenye sanduku. Kwa Kadhi nako, anayetaka kuthibitisha zinaa kwa sheria ya Kiislamu ana mzigo wa mashahidi wanne walioona kwa macho. Mpiga picha wa mbali hatoshi, na aliyetuhumu akashindwa kuthibitisha naye ana lake la kujibu mbele ya dini.

Tanzania mambo yakoje?

Msingi ni ule ule: Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inalinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kuingia na kunasa mifumo bila ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nambari 11 ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, ikiwa na tume yake.

Tofauti inayowaleta wateja kwa wapelelezi ni fidia ya ugoni. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, inayotumika Tanzania Bara, kinamruhusu mume au mke kumshitaki mtu wa nje aliyezini na mwenzi wake na kudai fidia. Kwa hiyo kule picha ina thamani ya pesa taslimu, na kishawishi cha kuvunja mlango wa nyumba ya wageni kikakua. Kuwafumania watu na kuwalazimisha kusaini karatasi ya kukiri huku umewashikia mlango ni kujitengenezea kesi nyingine.

Mimi ni mwajiri. Naweza kumchunguza ninayetaka kumwajiri?

Unaweza, kwa idhini yake iliyoandikwa na kwa mambo yanayohusu kazi: vyeti, waajiri wa zamani, cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Dini yake, ugonjwa wake na anayelala naye havikuhusu. Ukimtumia mpelelezi, kumbuka wewe uliyeamua data ikusanywe kwa sababu gani ndiye unayebeba jukumu la kwanza mbele ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5.

Kwa upande wa wizi kazini sheria imelegea kidogo. Data inaweza kukusanywa bila kupitia kwa mhusika pale inapohitajika kuzuia au kuchunguza uhalifu. Ndiyo maana wapelelezi wa kampuni za bima hufanya shughuli zao bila zogo: kuna dai, kuna abstrakti ya polisi (karatasi ya kuonyesha tukio liliripotiwa), kuna gari la kukaguliwa, na mwenye dai alishasaini fomu.

Mdeni wangu amehama. Mpelelezi anaweza kumtafuta?

Kumtafuta, ndiyo. Kumpata na kukuletea anwani ya kumpelekea hati ya kesi, ndiyo. Kuwapigia shangazi zake na mwajiri wake kuwaambia "ndugu yenu mwizi", hapana. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilitozwa shilingi 2,975,000 mwaka 2023 kwa kutumia namba za watu wasiohusika na deni.

Mwenzangu amenichukulia mtoto. Mpelelezi anaweza kunirudishia?

Anaweza kukuambia mtoto yuko wapi na anasoma shule gani. Kumchukua ni kazi ya amri ya mahakama ya watoto na polisi. Mtu mgeni akimbeba mtoto getini mwa shule, watakaomzunguka hawatauliza kama amelipwa na mama au na baba, na wakazi wa mtaa wenye hasira hawana subira ya kusoma mkataba.

Mkataba naye uwe na nini?

Uandikwe, hilo la kwanza. Useme anatafuta nini hasa, si "kumchunguza fulani" kwa jumla, na kwa siku ngapi. Useme malipo, na gharama za usafiri ziambatane na risiti. Uwe na sentensi inayosema hatatumia njia iliyo kinyume cha sheria na kwamba akiulizwa atakueleza kila taarifa ameipata wapi. Mpelelezi anayegoma kutia saini hapo amekujibu. Uandikwe nani anabaki na picha na zitafutwa lini, kwa sababu mpelelezi aliyebaki na picha zako ndiye anayeweza kurudi mwaka kesho kukuomba pesa za kunyamaza. Tumeona hilo mara mbili. Na kama unatarajia kesi, mpelelezi aajiriwe kupitia wakili, ili ripoti iandikwe kwa namna itakayosimama.

Nadhani mimi ndiye ninayefuatiliwa. Nifanye nini?

Usimkabili mtu peke yako barabarani. Andika tarehe, saa, namba ya gari, mahali. Ukijua ni nani, mwandikie umuulize ana data gani juu yako na kwa ruhusa gani. Una haki hiyo chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Unaweza kupeleka lalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, na lalamiko linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90. Kukiwa na vitisho, nenda polisi usisubiri siku 90 wala 9.

Ukikuta kijisanduku cheusi chenye sumaku chini ya gari, usikirushe baharini kama alivyofanya mteja wetu mmoja kwa hasira, akasimama pale Feri akitupungia mkono kwamba amemaliza. Kipige picha kikiwa pale pale kilipo, shahidi awepo, kisha upige ripoti polisi wakitoe wao. Vingi vya vifaa hivyo hutuma taarifa kwa laini ya simu iliyo ndani. Laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na polisi wanaweza kwenda kuulizia ni cha nani.